Maharage Mafu Yalipopata Joto

Wanafunzi ndio waliompa jina la Mama Chupa, likamganda mpaka jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye faili la ofisini tu. Hakulichukia. Alisema kuna walimu waliopewa majina mabaya kuliko hilo, na hawakuwa wameosha hata glasi moja.

Mimi nilikuwa fundi seremala wa shule hiyohiyo. Stuli za maabara zina ugonjwa wao. Mwanafunzi somo likimwia gumu hujisukuma nyuma, miguu miwili ya stuli inabaki hewani, na kiungo kinalia kidogo kidogo mpaka siku kinaachia. Basi kila muhula nilikuwa na wiki nzima mle ndani, nyuma kabisa, mimi na gundi yangu na vibano vyangu. Mama Chupa alikuwa kwenye sinki, mwalimu mbele ubaoni. Shule nimesoma miaka saba. Lakini ukikaa nyuma ya darasa miaka mingi, unagonga msumari taratibu usije ukasumbua, mengine yanakuingia upende usipende.

Mama Chupa alikuja shuleni akiwa na miaka thelathini na moja, mjane, na mabinti wawili. Mama mkwe wake naye alikuwa amehamia kwake. Watu walishangaa, maana kwa kawaida mkwe akifiwa na mwanawe humsemasema mkaza mwana mpaka wanaachana. Hawa wawili waliishi chumba kimoja na sebule, wakigombana kila siku juu ya chumvi, na hawakuachana. Aliajiriwa kufagia. Mwalimu mzee wa sayansi wa wakati ule, ambaye sasa amestaafu, akamwona siku moja akiokota mirija ya kioo iliyoanguka, anaishika kama mtu anayeshika yai. Akamuuliza, "Mama, umejifunzia wapi kushika vitu hivi?" Akasema aliwahi kuosha glasi kwenye hoteli, na kila glasi iliyovunjika walikuwa wanamkata mshahara. Tangu siku hiyo akapewa sinki.

Kutoka kwenye sinki akaenda kwenye makabati. Alisoma lebo polepole, kidole kikifuata herufi, lakini akishaisoma mara moja hakuisahau. Baada ya miaka akawa ndiye anayeandaa kila kitu: majani ya kuchemshwa kwenye spiriti, maji ya chokaa ya kupulizia kwa mrija, darubini na vioo vyake. Mwalimu mzee alipostaafu alimkabidhi funguo mbele ya watu, na mkuu wa shule hakuuliza kitu. Miaka yote alikuwa na tabia moja: anaosha huku anarudia somo kwa sauti ya chini, maneno ya mwalimu yaleyale. Mabinti zake waliniambia hata nyumbani, akichambua mchele, walimsikia akinong'ona "mitokondria, mitokondria," na bibi yao akimjibu kutoka kitandani, "Huyo mtu mwambie aingie basi, asisimame mlangoni."

Ilikuwa hivyo kwa miaka ishirini na miwili, mpaka ilipokuja barua.

Barua ilisema kila anayefanya kazi maabara awe na cheti. Asiye nacho arudishwe kwenye usafi wa kawaida. Mkuu wa shule alimwita ofisini, na aliporudi alikuja moja kwa moja nilipokuwa napiga randa mbao.

"Amesema nini?" nikamuuliza.

"Amesema, 'Mama, mimi sina neno na wewe. Barua ndiyo ina neno.'"

"Sasa?"

"Atakuja mkaguzi Alhamisi. Ataangalia maabara, ataangalia na mimi, ataandika. Atakaloandika ndilo hilo." Akakaa kwenye stuli mbovu, nikamwonya, akahama. "Fundi, ufagio siuogopi. Nilikuja hapa na ufagio. Ila huko nje najua kufagia tu. Mle ndani najua vitu."

Nilimpa stuli nzima.

Mwalimu wa sayansi sasa alikuwa kijana, mwaka wake wa pili kazini, mtu mwema lakini mwenye wasiwasi, shati lake halikosi jasho mgongoni. Naye ukaguzi ulimhusu. Kwa hiyo akachagua somo la upumuaji wa seli, kwa sababu ya jaribio la maharage, ambalo halijawahi kumwangusha mtu.

Jaribio lenyewe ni hili. Unachukua chupa mbili za chai, hizi za kutunza joto. Ya kwanza, A, unaijaza maharage yaliyolowekwa mpaka yakaanza kuchipua. Ya pili, B, unaijaza maharage ya gunia lilelile, lakini umeyachemsha yakafa, ukayaacha yapoe. Kila mdomo unauziba kwa pamba, na katikati ya pamba unapitisha kipimajoto. Kisha unazigeuza kichwa chini kwenye stendi, maana hewa ukaa ni nzito, inashuka yenyewe na kutoka kupitia pamba. Stendi nilizitengeneza mimi. Baada ya siku tatu unasoma. Mazima yanapumua, yanazalisha nguvu, na nguvu ikizalishwa sehemu yake hupotea kama joto. A inapanda. Mafu hayafanyi kitu, kwa hiyo B inabaki palepale kwenye joto la chumba.

Kuna hatua moja haimo kitabuni mwao. Maharage yakishachemshwa lazima yaoshwe kwa dawa ya kuua vijidudu kabla ya kuingia chupani. Mwalimu mzee alimwambia Mama Chupa hivyo mwaka wa kwanza, na yeye hakuiruka hata mwaka mmoja.

Jumatatu ile gesi ya maabara ilikuwa imekwisha. Mama Chupa akayachemshia maharage ya B jikoni mwa shule, akayamwaga kwenye chujio, akayamiminia dawa, akaliweka chujio dirishani yapoe. Mwalimu akamwita akamsaidie kupanga meza. Aliporudi yalikuwa yamepoa, akayachukua, akajaza chupa, tukaziweka kwenye stendi pamoja. Hata vipimajoto alikuwa amevijaribu kwanza, vyote viwili ndani ya bakuli moja la maji, vikasema kitu kimoja.

Alhamisi mkaguzi alifika mapema. Alikuwa mama mnene wa makamo, miwani kwenye kamba shingoni, mtu wa maneno machache. Alikaa nyuma karibu nami, kwenye stuli niliyoitia gundi jana yake, na ninakiri nusu saa ya kwanza sikusikia somo, nilikuwa naisikiliza stuli.

Mwalimu alifundisha vizuri. Kisha akamwita msichana wa mstari wa mbele asome vipimo.

"Chupa A, nyuzi thelathini na mbili."

"Safi. Na chupa B?"

Msichana akainama, akasoma, akainama tena. "Mwalimu... thelathini na nne."

"Soma vizuri."

"Nimesoma vizuri, mwalimu. Thelathini na nne."

Darasa lilianza na mguno, halafu kikatoka kicheko. "Yamefufuka!" akasema mmoja. "Hayakufa, yalizimia tu!" akasema mwingine. Mwalimu akasoma mwenyewe, namba ikawa ileile. Chumba kilikuwa nyuzi ishirini na nne. Akaja nyuma mpaka kwenye sinki, anatembea kama mtu anayefuata chaki tu.

"Mama," akanong'ona, "kipimajoto cha B ni kibovu, sivyo?"

"Kizima, mwalimu. Nilivijaribu."

"Sema ni kibovu. Nakuomba. Ni kwa faida yako pia."

Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka pale. Nikaona alivyoshika ukingo wa sinki. Neno moja tu lilihitajika, na kipimajoto hakina mdomo wa kujitetea.

"Mnanong'ona nini hapo?" mkaguzi akauliza. "Na mimi nina masikio."

Mama Chupa akafuta mikono kwenye aproni. "Mheshimiwa, kipimajoto ni kizima. Joto lipo kweli. Naomba nifungue chupa."

Mwalimu akafumba macho. Mkaguzi akasema, "Fungua."

Akatoa pamba ya B, akanusa, akampa mwalimu naye anuse, na mwalimu akarudisha kichwa nyuma kama aliyepigwa kofi.

"Yamechacha," akasema Mama Chupa. "Haya maharage yamekufa, mheshimiwa. Hayo hayapumui. Ila yameingiliwa na wageni. Bakteria. Wanayala, na wao ni wazima, na wengi kuliko maharage yenyewe. Joto hili ni lao."

"Bakteria wanapumua?" mkaguzi akauliza. "Wana mapafu?"

"Hata haragwe halina mapafu, mheshimiwa."

Darasa likacheka tena, safari hii upande wake. Mkaguzi hakucheka, lakini alivaa miwani. "Basi nieleze. Kama huna mapafu, unapumuaje?"

Hapo ndipo nilipomsikia akisema kwa sauti yale aliyokuwa akiyanong'ona miaka yote. Alianza kama kitabu, akakwama, akatazama dari, halafu akaacha kitabu akaenda kwa njia yake.

"Kupumua kwa mapafu ni kuleta oksijeni na kutoa uchafu tu. Kazi yenyewe iko ndani ya seli. Seli inapata sukari, glukosi. Ni kama gogo, huwezi kulisukumiza zima jikoni. Kwanza linapasuliwa nje, uani, kwenye ule ute wa seli. Glukosi moja inakuwa vipande viwili. Hapo oksijeni haihitajiki, na nguvu inayopatikana ni ndogo. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza."

"Endelea."

"Vipande vinaingizwa ndani, kwenye mitokondria. Huko kuna mzunguko. Vinazungushwa, kila zamu vinachunwa kitu. Kaboni inatoka kama hewa ukaa, ndiyo hii tunayoitoa puani. Na hidrojeni yake inachukuliwa na wapagazi, wanaipeleka hatua ya tatu." Akageuka kwa wanafunzi. "Mmewahi kuona watu wanamwaga zege la ghorofa? Wanajipanga mstari, karai la zege linatoka mkono kwa mkono mpaka juu. Hatua ya tatu ni hiyo. Kinachopitishwa ni elektroni zilizotoka kwenye ile hidrojeni, na kila zikipita mkono mmoja nguvu kidogo inatoka. Nguvu hiyo ndiyo inayotumika kutengeneza ATP, na ATP ndiyo ambayo seli huitumia kwa kila kazi, kukua, kuchipua, kunyanyua mguu. Nyingi kabisa inatengenezwa hapo. Na mwisho wa mstari anasimama oksijeni, anapokea. Akipokea, anaungana na hidrojeni, yanakuwa maji."

"Na oksijeni asipokuwepo?"

"Umeona fundi wa juu akishuka kwenda kunywa maji, mheshimiwa? Mstari mzima unasimama na makarai mikononi. Hakuna anayeweza kupokea kwa sababu hakuna anayeweza kutoa. Seli inabaki na ile ya uani tu, ya kupasua gogo. Ndiyo maana ukikimbia sana miguu inawaka moto."

Mwalimu alikuwa ameacha kutoka jasho. Mkaguzi akaandika kitu, akauliza bila kuinua kichwa: "Hao bakteria wako wana mitokondria?"

Nilimwona Mama Chupa anatafuta, midomo inacheza.

"Hilo sijalisikia," akasema. "Sijui."

"Hawana," akasema mwalimu, sauti yake ikatoka nyembamba kwanza kisha ikapata nguvu. "Bakteria ni wadogo mno, hawana chumba hicho. Ule mstari wa makarai kwao umepangwa kwenye utando wa seli yenyewe. Kazi ni ileile." Akamtazama Mama Chupa. "Lakini joto ni lao, kama alivyosema mama. Mimi nilitaka kusingizia kipimajoto."

"Nilikusikia," akasema mkaguzi. "Mama, hao wageni nionyeshe."

Akatoa tone la maji ya B, akalitandaza kwenye kioo, akaweka darubini, akageuza lenzi kubwa, akasogea pembeni. Mkaguzi aliangalia muda mrefu. Mimi nami niliangalia baadaye. Vilikuwa vijiti vidogo vidogo, vinatetemeka na kupishana, umati mkubwa, kama watu waliofunguliwa lango.

"Sawa. Wapo," mkaguzi akasema. "Sasa swali langu la mwisho. Jaribio hili linataka dawa. Ulisahau?"

"Niliweka, mheshimiwa."

"Ungeweka wasingekuwepo."

"Niliweka."

"Mama, umeniambia ukweli mpaka hapa."

"Na huu pia ni ukweli. Niliweka. Kwa nini wapo, sijui."

Kueleza amekwisha kueleza, lakini sasa alionekana mtu anayejua somo na hajui kazi yake, na kazi ndiyo iliyoandikwa kwenye barua. Nilimwona akikaza upya fundo la kilemba.

Ndipo mpishi wa shule akaingia na sinia la chai ya mgeni. Ni mtu mkubwa, mpole, na mdomo wake hauna mlango. Akasimama kusubiri pa kuweka sinia, akaona chupa wazi na maharage mezani.

"Ah! Ndiyo haya? Mbona hamjayala mpaka yameharibika?"

"Unayajua haya maharage?" mkaguzi akamuuliza.

"Nitaacha kuyajua! Si yale ya kwenye chujio dirishani kwangu Jumatatu? Yalikuwa yananuka dawa kama choo cha stendi ya mabasi. Nikasema huyu dada leo ataua watoto wa watu. Nikayasuuza mara tatu, maji safi, nikayafunika vizuri na kitambaa changu mpaka yakapoa, ndipo nikakitoa."

"Kitambaa gani?" Mama Chupa akauliza, taratibu sana.

"Hiki." Akakitoa begani. Ndicho cha kufutia masufuria.

Mwalimu akakaa kwenye meza. Wanafunzi walicheka mpaka wengine wakalala juu ya madaftari, na mpishi akacheka nao, hajui kwa nini, halafu akaona uso wa Mama Chupa akaacha.

"Dada, nimeharibu?"

"Kaka, kwa nini hukuniuliza?"

"Niulize nini? Maharage yakipikwa jikoni kwangu ni chakula. Mimi nitajuaje ni mtihani?"

Mama Chupa alimtazama, akamtazama mkaguzi. "Kosa ni langu, mheshimiwa. Kila mtu anayejali kazi yake angeyasuuza. Mimi ndiye niliyeacha kazi yangu kwenye dirisha la mwenzangu bila kumwambia."

Mkaguzi akaandika na hilo. Kisha akachukua chai yake. Mpishi akaomba naye aangalie darubini, akaangalia, akauliza kama hao wote wametoka kwenye kitambaa chake. Alipoambiwa huenda wengi wao, alikikunja kidogo kidogo akakitia mfukoni, akaondoka bila kumaliza hadithi yake ya chujio, jambo ambalo sijawahi kuliona tena.

Mchana mkaguzi alimwita Mama Chupa ofisini kwa mkuu. Mimi sikuwepo, nilisimuliwa. Alimwambia: "Cheti siwezi kukupa. Barua siwezi kuifuta. Naweza kuandika nilichokiona." Alimuuliza amesomea wapi hatua tatu za upumuaji, akajibiwa, "Kwenye sinki."

Ripoti ilikuja baada ya wiki tano. Wiki hizo tano alifanya kazi kama kawaida, ila alikonda, na mama mkwe wake alinituma nimwambie ale. Ripoti ilisema abaki maabara kama msaidizi, kwa usimamizi wa mwalimu. Ilisema asajiliwe kwa mtihani wa vitendo wa wasaidizi wa maabara, ambao hauulizi ulifika darasa la ngapi. Na ilisema funguo, kwa kuwa hana cheti bado, zishikwe na mwalimu.

Hilo la mwisho lilimchoma. Alisoma ukurasa ule kwa kidole mpaka chini, akarudi kwenye mstari wa funguo, akausoma tena. Kisha akautoa mshipi wa funguo kiunoni, akamwita mwalimu, akaanza kumkabidhi mmoja mmoja. Huu ni wa mlango mkubwa, unauinua kidogo ndipo unaugeuza. Huu ni wa kabati la asidi, usiuweke mfukoni pamoja na hela, utaota kutu. Huu wa darubini, usimpe mtu. Mwalimu alipokea kwa mikono miwili, anaitikia kila mmoja kama mtoto anayetumwa dukani.

"Na kesho nije kufungua saa ngapi, mama?"

"Saa kumi na mbili na nusu."

"Saa kumi na mbili na nusu asubuhi?"

"Kipindi cha kwanza ni saa mbili. Kuna mirija arobaini ya kuandaliwa, na haijiandai."

Mwalimu akazitazama funguo mkononi mwake, akamtazama mama, akasema haya. Mama Chupa akarudi kwenye sinki akafungua maji.